Meno Arobaini na Mawili

Jumanne, 11 Novemba. Mawingu tangu alfajiri, joto la kukaba, mvua inaonekana mbali lakini haijatufikia.

Nimechoka, ila leo habari hii nitaiandika mpaka mwisho. Nimeianza mara tatu kwenye daftari hili na mara tatu nimechana ukurasa, maana nikiisoma mwenyewe naona kama naongopa. Siongopi. Wewe unayesoma, usiponiamini sikulaumu, hata mimi nisingekuamini. Lakini ilinitokea mchana wa jua kali, sikuwa nimekunywa kitu, na mama yangu alikuwepo.

Mama ana kidonda mguuni. Kilianzia kwenye ekzosi ya bodaboda, na kwa kuwa ana sukari, kikakataa kupona. Zahanati walisema kila Jumanne kisafishwe, na tukikosakosa, mguu unaweza kukatwa. Bodaboda mama hataki tena hata kuisikia ikinguruma. Kwa hiyo nambeba kwenye baiskeli yangu ya gia, nimemfungia ubao na mto kwenye karia.

Baiskeli yenyewe ilikuwa na sproketi tatu mbele, yale magurudumu ya meno yanayovuta cheni, ndogo, ya kati na kubwa. Kile kibano kinachohamisha cheni kililegea, na kila nikibadilisha gia mlimani cheni inatoka. Mwezi wa tisa ilitoka katikati ya mlima wa kokoto, tukaanguka wote wawili. Mama aliinuka, akajipangusa vumbi, akasema, "Mwanangu, ukiniangusha mara nyingine sipandi tena. Wanikate tu." Mama yangu akisema neno halirudishi.

Nikaenda Katumba kwa fundi baiskeli Bukuru ili atoe kibano na sproketi mbili, ibaki moja tu mbele, cheni isiwe na pa kukimbilia.

Hapa lazima nieleze kitu. Wazee wa pale wengi walikuja kutoka Burundi. Pacha wa kwanza wanamwita Bukuru, wa pili Butoyi, na ukimpa mmoja kitu sharti umpe na mwenzake. Fundi Bukuru pacha wake alifariki wakiwa watoto, lakini kwenye banda lake kuna vigoda viwili. Cha pili hakai mtu. Ukimletea ndizi unaleta mbili. Ukifika unamsalimia yeye, halafu unakisalimia kigoda. Watu wote wanafanya hivyo, hata Wasukuma wanaopitisha ng'ombe. Mimi pia nilikuwa nafanya, ingawa moyoni nilikuwa nacheka kidogo. Siku ile nilikuwa na haraka. Nilimsalimia Bukuru, kigoda nikakiwekea begi langu.

Bukuru alilitazama lile begi. Akachukua chaki, akahesabu meno. Ndogo ishirini na mbili, ya kati thelathini na mbili, kubwa arobaini na mbili. Nyuma, ile pana kuliko zote kwenye friweli, ishirini na nane.

"Sikiliza," akasema. "Ukiacha kubwa, mguu ukizunguka mara moja tairi inazunguka mara moja na nusu. Mlimani utaulilia huo mguu. Ukiacha ya kati, tairi inazunguka mara moja na kidogo. Mama yako anapanda mlima amekaa."

"Na hiyo ndogo?"

"Hiyo kwenye tambarare utakanyaga kama kuku anayekimbizwa, na kila mtu atakupita. Chukua ya kati."

Nikachukua kubwa. Sitaki kujitetea, lakini niseme na sababu yangu. Njia ya zahanati karibu yote ni tambarare, mlima ni mmoja, wa kupanda wakati wa kurudi. Ukichelewa kuchukua namba, mnarudi jioni, na mama anakaa na njaa. Nilipiga hesabu ya njia nzima nikaona kubwa inalipa. Nilimaliza darasa la saba tu, lakini hesabu niliiweza. Ilikuwa sawa. Ndiyo inayonikera mpaka leo.

"Haya," Bukuru akasema, "miguu ni yako." Akafunga, akakata cheni ikawa fupi.

Kesho yake, Jumanne, tambarare tuliruka. Mama akawa anacheka, "Leo umekula nini?" Lakini zahanati dawa ya kusafishia ilikuwa imeisha, wakatuelekeza nyingine ya mbali, wakakisafisha huko. Kwa hiyo mlima wa kurudi tuliufikia saa nane, jua likichoma.

Nikaweka gia pana ya nyuma. Robo ya mlima nilienda. Nusu, nikanyanyuka kwenye siti. Kila nikikanyaga, pedeli inashuka taratibu kama inazama kwenye ugali. Baiskeli ikaanza kuyumba. Kushusha mguu siwezi, maana ningeushusha tungerudi nyuma na mama angeangukia kile kidonda.

"Nishushe!" mama akapiga kelele. "Nishushe nitambae!"

Nikajua basi, anaanguka, na baada ya hapo hapandi tena, na mguu unakatwa kwa sababu ya hesabu yangu.

Halafu pedeli ikawa nyepesi.

Niamini. Si kwamba nilipata nguvu, nguvu zangu nazijua. Ilikuwa kama mtu ameshika karia na kusukuma. Kisha nikamsikia mama anaongea, sauti ya chini, ya kuongea na mgeni. "Asante baba. Mungu akuone." Na mtu akaguna nyuma yangu, kama anayesema si neno.

Tulipofika juu nikasimama, nikageuka. Alikuwa fundi Bukuru. Uso wake, mvi zake, ule urefu wake wa kuinama. Mkono bado uko kwenye karia.

"Mzee, umefikaje huku?"

"Jana hukunisalimia," akasema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu aliyechoka kulisema.

Ndipo nikautazama ule mkono. Bukuru mikono yake ni myeusi kwa grisi, na kidole cha shahada cha kulia ni kifupi, cheni iliking'ata. Huu ulikuwa safi kama wa mtoto aliyetoka kuogeshwa, na vidole vyote vitano vizima. Nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba. Hiyo sproketi ni kubwa. Kaka si alikwambia?"

Mguu wa mama ukateleza kutoka kwenye kikanyagio, nikainama kuurudisha. Nilipoinuka, barabara ilikuwa tupu. Labda alikata porini. Nyasi zilikuwa zimechomwa pande zote, mtu ungemwona mpaka mbali, lakini naandika labda, kwa sababu nilikuwa na jasho machoni. Na mama mwenyewe, nilipomuuliza, alisema, "Macho yangu yana mtoto wa jicho, usiniite shahidi. Sauti ilikuwa ya Bukuru. Ila mkono aliponishika ulikuwa laini."

Jioni nikapita kwa Bukuru. Nikamkuta amekaa, ameshika rimu. Masele, mfugaji, alikuwepo tangu asubuhi akisubiri magurudumu yake yanyooshwe. Nikauliza kama fundi alitoka mchana.

"Atoke aende wapi, na mimi namlinda kama ndama?" Masele akasema. "Wewe vipi? Hilo jua umelinywa na nini?"

Bukuru hakucheka. Alingoja Masele aondoke. Akauliza, "Ana mvi?"

"Kama zako."

"Kumbe amezeeka." "Na mikono?"

"Safi. Vidole vyote vipo."

"Huyo hajawahi kufanya kazi," akasema, akacheka mpaka machozi yakatoka, kisha machozi yakaendelea kicheko kilipoisha. Ndipo akaniambia. Walipokimbia Burundi, yeye na Butoyi walikuwa wadogo sana, na mgongo wa mama yao ulikuwa mmoja. Alibebwa yeye. Butoyi alitembea, hakufika.

Tukabadilisha sproketi pale pale, tukaweka ya kati. Nilikisalimia kigoda nikiwa nimesimama wima kama mwanafunzi.

Sasa sikiliza kilichobaki. Tangu siku ile mlima naupanda bila shida. Sijui ni meno thelathini na mbili au ni yeye, na siwezi kuapa. Lakini tambarare, hata karia ikiwa tupu, baiskeli ni nzito. Uzito wa mtu. Tairi nimejaza upepo, bearingi nimebadilisha, breki haigusi rimu. Nafika nyumbani kiuno kimekufa. Nilimwambia Bukuru. Akafuta mikono yake kwenye gunia, akasema, "Mlimani anakusaidia, si ndiyo? Basi kwenye tambarare mwache apande."

Leo nesi amesema kidonda kimefunga, Jumanne ijayo tusiende. Nimefurahi, Mungu anajua. Lakini tulivyorudi, mama alishuka njia panda atembee mwenyewe kujaribu mguu, mimi nikaikokota baiskeli pembeni yake, na uzito haukupungua.

Kwa hiyo wewe mwenye baiskeli ya gia unayetaka kubaki na sproketi moja, usiichague kwa kuangalia njia ilivyo ndefu. Mfikirie unayembeba, pale panapomtisha zaidi. Na wakikwambia salimia kigoda, weka begi chini, salimia. Salamu inakugharimu nini? Mimi nilibana moja, sasa nambeba kila siku kwenye tambarare zote za Mpanda.

Jioni hii tumekula ugali wa muhogo na dagaa. Mama alisimama kwa miguu yake kutenga. Tupo watatu, yeye, mke wangu na mimi, akatenga sahani nne. Ya nne ilikaa mpaka ikapoa, na sitaki kudanganya kwenye daftari langu mwenyewe, dagaa wake nimewala mimi.