Karafuu Maiti Ndani ya Gari la Kijani

Asiyeamini na afunge ukurasa hapa hapa, sina ugomvi naye. Mimi nimeshachoka kubishana. Nimebishana na polisi, nimebishana na wazee wa kanisa ambalo si langu, na wote walinitazama kana kwamba nimekula kitu kibovu. Nilichokiona Mobeni nilikiona kwa macho haya, mchana haujaisha vizuri, nikiwa na akili zangu na njaa yangu. Sinywi wala sivuti. Mwenye kutaka kucheka, acheke.

Kazi yangu wakati huo ilikuwa kulaza magari. Durban haina baridi ya kumtisha mtu, ukivaa sweta umemaliza. Lakini wenye magari ya zamani, yale ya enzi za babu zao, ikifika mwezi wa sita hupanda ndege kufuata jua la Ulaya, na magari yao walituletea sisi kwenye ghala moja kule Mobeni tuyalaze mpaka watakaporudi. Gari la namna hiyo huliachi tu kama baiskeli. Hewa ya bahari ina chumvi, inakula bati kimya kimya. Kwa hiyo unaliosha juu na chini, unakwangua kila tope lililojificha ndani ya madigadi, maana hapo ndipo kutu inapoanzia. Unabadilisha oili, unajaza tangi mpaka juu lisitoe jasho kwa ndani. Unalipandisha kwenye stendi matairi yasibonyee. Betri unaitoa, unaiweka kwenye ubao. Bomba la moshi unaliziba kwa pamba panya wasiingie, ndani unatia karafuu maiti kwa ajili ya nondo, halafu unalifunika kwa shuka jeupe.

Umeshaona linakokwenda hili? Marehemu baba yangu alikuwa muosha maiti kule Tanga, na kuosha nilijifunza kwake. Mkono wangu haujui kuosha kwingine: naanza kulia, nakwenda kushoto, maji, sabuni, maji tena, taratibu na kwa heshima. Wenzangu ghalani walikuwa wakinitania kwamba siku moja nitalisomea gari Yasini. Bosi yeye alifurahi, kwa sababu gari nililolilaza mimi halikuwahi kuamka na doa la kutu.

Sasa nikueleze habari za Shukuru. Alikuwa Mkongo wa Bukavu, kinyozi pale mjini, na tulikaa jengo moja Greyville, mlango kwa mlango. Yeye Mlokole, mimi Mwislamu, na hatukuwahi kugombana isipokuwa kwa ajili ya mpira. Mwezi wa nne, wakati wa zile mvua, alikwenda kumnyoa mgonjwa mmoja nyumbani kwake. Wakati wa kurudi akagongwa na gari karibu na uwanja wa mbio za farasi, mashine yake ya kunyolea ikiwa mkononi. Gari halikusimama. Aliyeliona hakuna.

Ndugu zake walikataa kabisa habari ya gari. Gari gani, walisema, lisilo na rangi, lisilo na namba, lisilo na mwenyewe? Kwao mwanamume mwenye afya hafi hivi hivi, lazima kuna aliyemla. Na wa karibu ni nani? Mke. Mama Neema, mke wa Shukuru, akaambiwa amemtoa mumewe kichawi ili abaki na kiti chake cha saluni. Kilio kilifanyika lakini matanga hayakufungwa. Kaka wa marehemu, Papa Justin, alitamka kwa simu kutoka Johannesburg kwamba matanga yatafungwa siku gari litakapopatikana. Lisipopatikana, atakuja kuwachukua watoto wote wawili, kwa sababu damu ya kaka yake haiwezi kulelewa na mchawi.

Kwa hiyo Mama Neema alikuwa akilitafuta gari. Alizunguka gereji za mjini, aliulizia vituo vya teksi, maana sote tuliamini ni teksi. Nani Durban hii hugongwa na gari la maonyesho? Wala mimi sikuwaza hivyo. Kila jioni nilimkuta ngazini amechoka, viatu mkononi, na kila jioni nilimwambia, shemeji, Mungu hamfichi mwovu. Maneno ya bure kabisa, lakini ndiyo tuliyokuwa nayo.

Gari la kijani lililetwa mwanzoni mwa mwezi wa sita. Aina yake sitaitaja, yako machache na mwenyewe ana mawakili. Ni bwana mpole, mwenye kumpa mkono kila mtu, hata sisi wa ndoo. Niliona taa ya kushoto ina kioo kipya, cheupe, na ya kulia kioo chake kimekuwa cha manjano kwa uzee. Akasema ni jiwe, lilirushwa na lori. Basi, mawe si yanarushwa kila siku?

Nikaliosha gari lile kama nilivyofundishwa. Nililala chini yake asubuhi nzima na kitambaa na brashi. Nilipofika ndani ya digadi la kushoto likadondoka bonge la tope, na ndani yake kipande cha plastiki nyeusi chenye meno, kile kichanuo kidogo kinachovikwa kwenye mashine ya kunyolea. Nilikiona, ndugu yangu. Nilikiona na sikukiona. Barabara za Durban zina kila aina ya takataka. Nikapiga mpira wa maji, kikaenda mferejini pamoja na tope lake.

Ilipofika jioni nilibaki peke yangu. Umeme ulikuwa umekatwa, zamu yetu ya mgao ilikuwa imefika, lakini mlango mkubwa ulikuwa wazi na mwanga wa nje ulitosha. Betri iko kwenye ubao wake. Gari liko juu ya stendi, limetiwa pamba, limetiwa karafuu maiti, limefunikwa. Nilikuwa nanawa mikono.

"Kaka, kazi imeisha?"

Nikajibu, "Imeisha." Mdomo ulijibu kabla akili haijakumbuka. Nilipogeuka, Shukuru alikuwa amesimama mbele ya gari na koti lake la kazi, amelowa chapachapa. Mwezi wa sita Durban mvua ni ya kutafuta kwa tochi. Maji yalimtiririka usoni, yalimtiririka mikononi, na sakafu chini yake ilikuwa kavu. Nilitafuta aya ya kusoma, zote zikanipotea, nikabaki na bismillahi moja tu naizungusha mdomoni.

"Unaoshaka muzuri," akasema. "Hata kule morgue hawakunisafisha hivi."

Wewe ungemjibu nini? Hakuwa na uso wa kutisha, nisiseme uongo. Alikuwa na uso wa mtu aliyengoja foleni siku nzima akaambiwa arudi kesho. Akainua mkono ulioshika mashine. Meno yake ya chuma yalikuwa matupu, hayana kichanuo. Ndipo nikaelewa nilichokuwa nimekitupa, nikaelewa pia nilichokuwa nimekiosha tangu asubuhi.

Akaweka kiganja juu ya shuka, penye taa ya kushoto. "Umwambie bibi yangu, Mama Neema, batoto wasiende," akasema. "Hakunikula. Ni hii motokari."

Taa ikawaka. Niamini mimi, ikawaka chini ya shuka, na betri naiona pale kwenye ubao. Mwanga ulipita katikati ya kifua chake ukapiga ukuta, na ukutani hapakuwa na kivuli. Halafu ikazima, na yeye hayupo. Nikalivuta shuka, nikagusa kile kioo kipya, kikaniunguza vidole. Malengelenge yalitoka kesho yake.

Woga ulidumu kidogo tu. Baada yake ilinijia hasira ambayo haijaniondoka mpaka leo. Asubuhi nzima nilikuwa nimelala chini ya gari lile! Kama alikuwa na neno, kwa nini hakuja kabla sijashika sabuni? Alingoja nini? Au ni ile karafuu maiti iliyomwita, na bila hiyo asingepata njia? Sijui, na hakuna shehe wala mchungaji aliyeweza kunijibu. Nilifunua shimo la tope, mfereji unakomwagia, nikaingiza mikono hadi mabegani, nikakuta maji matupu. Lori la kunyonya tope lilipita alasiri, mimi mwenyewe nikiwa nimelifungulia geti.

Kituoni nilikwenda, na habari ya mzimu niliiacha nyumbani. Nilieleza kichanuo na taa basi. Askari alinisikiliza vizuri mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na hicho kichanuo kiko wapi?" Nikasema kimekwenda na maji. "Nani aliliosha gari?" Nikasema mimi. Akacheka kidogo, akaniomba karatasi zangu za kuishi nchini. Mtu akishaombwa karatasi anajua mazungumzo yamekwisha.

Nikabaki na mlango mmoja. Nikambishia Mama Neema hodi, nikamwambia yote, na sikuficha hata la sabuni. Alinyanyuka, akaleta mfuko aliokabidhiwa hospitali, akaitoa mashine. Haikuwa na kichanuo. Alikaa chini akalia, halafu akacheka huku analia, mara ya kwanza tangu mwezi wa nne. "Shemeji, mume wangu amenitetea," alisema. Papo hapo akampigia Papa Justin. Nami nilirudi chumbani kwangu nikijiona mtu wa maana.

Papa Justin alikuja kwa basi mwisho wa wiki. Tulikaa sebuleni kwa Mama Neema: yeye, wazee wawili wa kanisa, mwenye nyumba wetu na mimi. Nikasimulia kama ninavyokusimulia wewe. Nikaonyesha vidole. Hakunikatiza hata mara moja, na nilidhani hiyo ni dalili njema.

"Fundi wa magari anaunguaka kila siku," akasema nilipomaliza. Kisha akauliza swali moja, kwa sauti ya chini. "Ndugu yangu alikuwa na bibi, alikuwa na batoto, alikuwa na miye kaka yake. Ni kwa sababu gani aende kutokea Mwislamu wa Tanga ndani ya garage?"

Nikasema sijui. Ndiyo kweli yenyewe, sijui.

"Miye najua," akasema. "Weye unaishi mulango kwa mulango na huyu mwanamuke. Weye unajua kuosha maiti. Weye unajua zile dawa za kuita wafu, umesema mwenyewe, karafuu. Na ile motokari uliiosha, hata polisi hawawezi kuona kitu. Nani anaosha kama hana kitu ya kuficha?"

Wazee wa kanisa waliinamisha vichwa. Nilimtazama mwenye nyumba wetu, yule aliyekuwa akila kwangu kila Idi, naye akaitazama saa yake. Nikapandisha sauti, nikatukana kidogo, nakiri, na kutukana kwangu kukahesabiwa kuwa ushahidi. Kabla chai haijapoa shauri lilikuwa limekatwa: mke na jirani ndio waliommaliza Shukuru, na gari ni hadithi waliyoitunga pamoja. Watoto wakavalishwa masweta. Neema, yule mkubwa, alimuuliza mama yake kama na mswaki auchukue.

Basi lilipoondoka na watoto, nilimfuata Mama Neema ngazini. Nikamwambia pole. Hakunikasirikia, na heri angenikasirikia. "Mbele ya leo nilikuwa nashitakiwa tu, shemeji," akasema. "Ningeendelea kutafuta. Sasa wamenihukumu." Baada ya muda alihama, na sikuambiwa alikohamia. Nasikia watoto hawaruhusiwi kuongea naye kwa simu, na kwamba wamefundishwa kumwombea kama mtu aliyepotea.

Mwezi wa tisa bwana wa gari la kijani alirudi, amechomwa na jua la huko. Mimi ndiye niliyeliamsha. Nilitoa pamba, nikarudisha betri, nikalishusha. Nilitamani taa ya kushoto igome kuwaka, angalau hilo. Iliwaka vizuri kabisa. Nikamuuliza lile jiwe lilirushwa sehemu gani. Akasema hakumbuki, jiwe ni jiwe tu, akanipa mkono, akasema hakuna anayemtunzia gari lake kama mimi. Nikautazama ule mkono, kisha nikaupokea, kwa sababu kodi ya nyumba haingoji. Tangu siku hiyo siwezi kunusa karafuu maiti bila kutapika, na kazi hiyo imenishinda. Siku hizi nauza vioo vya simu.

Sasa nakuonya, na uonyeke. Waliosema msema kweli ni mpenzi wa Mungu hawakukaa sebuleni kwa Mama Neema siku ile. Mimi nilisema kweli, na mfu alisema kweli, na kweli zetu mbili zimemnyang'anya mwanamke watoto wake. Mfu akikujia, hata akiwa rafiki yako, hata akiwa na haki zote, usimpokelee ujumbe. Mwambie aende akawatokee ndugu zake.