Pete za Mpira

Mtaani walimwita Bi Spana, na hakuchukia. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mikono mipana kama ya baba yake, na kibanda cha mabati pembeni mwa barabara kuu ambako alikuwa akiziba matairi tangu mumewe alipofariki na kumwachia jeki mbili, pampu moja na watoto watatu. Watoto walikua, kila mmoja akashika njia yake. Jeki moja ilikufa. Yeye na pampu wakabaki wakipumua pamoja.

Kulikuwa na kitu kimoja duniani kilichomtia hasira kuliko misumari ya barabarani, nacho ni vile vifuniko vya plastiki ambavyo watu huvibandika kwenye magurudumu ili gari kuukuu lionekane jipya. Yeye aliviita kofia. Gari likija na pancha, kabla hata hajagusa tairi, angebandua kofia na kumwonyesha mwenye gari kilichokuwa chini yake: miguu ya plastiki imekwangua rangi ya rimu, mchanga umeingia katikati na kusaga kama jiwe la kunolea, maji yamekwama humo, na kutu tayari imeanza kazi yake kimyakimya. "Kikulacho ki nguoni mwako," angesema. Mwenye gari angecheka, angechukua kofia yake na kuirudisha palepale. Kupendeza kwanza, mengine baadaye.

Mwisho Bi Spana alichoka kuhubiri, akabuni dawa. Alikata vipande vyembamba vya tyubu kuukuu na kuvigundisha nyuma ya kofia, kila mahali ambapo plastiki iligusa chuma. Rimu aliisugua kwanza kwa sabuni na mswaki, akaikausha, akaipaka rangi palipochubuka. Kofia ikirudi haikwangui wala haipigi kelele. Dawa ilifanya kazi kweli. Madereva wakaanza kuja hata bila pancha, wakitaka "mpira wa Bi Spana", na yeye sifa zikamkolea. Aliinamia tyubu zake akikata huku akiimba, mwanamke ambaye kwa miaka kumi hakuna aliyemsikia akiimba.

Sasa, kofia za kawaida hujishikiza kwenye rimu kwa miguu yake yenyewe. Ila ipo aina nyingine, inayoshikwa na nati za gurudumu: unavalisha gurudumu, unaweka kofia juu yake, kisha unakaza nati zikavishika vyote viwili. Kofia za namna hiyo ndizo alizonunua kaka yake mkubwa, dereva wa teksi ambaye gari lake lilikuwa safi kuliko nyumba yake. Alimletea siku ya Jumamosi, zinang'aa kama sahani mpya.

"Mdogo wangu, nifanyie ile dawa yako," alisema. "Sitaki rimu zangu ziliwe."

Bi Spana alizitazama kofia, akaona plastiki ingesuguana na chuma hapo hapo kwenye matundu ya nati. Akakata pete za mpira kumi na sita, nne kwa kila gurudumu, kila moja na tundu lake katikati, akazipachika kati ya kofia na rimu. Akakaza nati kwa uzito wake wote mpaka spana ikalia. Kaka yake alilizunguka gari mara mbili, mikono nyuma, asipate la kulalamikia, jambo ambalo kwake lilikuwa nadra. Jumatatu akaja mwalimu mmoja wa kike na gari lake dogo, kofia za aina ileile, naye akakatiwa pete zake kumi na sita.

Alhamisi asubuhi, kabla hata ya kengele ya shule, mwalimu yule alirudi.

"Mama, kuna kitu kinagonga huku mbele," alisema akiwa bado ameshika usukani. "Nikienda mbio kinanyamaza. Nikipunguza kinarudi."

Bi Spana alichuchumaa kwenye gurudumu la mbele. Aliishika nati ya kwanza kwa vidole, akitaka tu kuipangusa vumbi kabla ya kuweka spana. Nati ikazunguka. Akagusa ya pili, ikazunguka. Ya tatu vilevile. Ya nne haikuwepo.

Akavua kofia, na unga mweusi ukammwagikia kiganjani, laini kama masizi. Ulikuwa mpira wake. Pete zilikuwa zimesagika, na matundu ya rimu, yaliyokuwa duara siku ya Jumatatu, yalikuwa yameanza kurefuka kama yai. Akaelewa mara moja. Nati hukaa kwenye chuma. Chuma kikikutana na chuma ndipo gurudumu linashikika. Zake zilikuwa zimekalia mpira. Siku ile spana ililia, ndiyo, lakini alichokuwa anakaza ni mpira, na mpira hukubali chochote kwa siku moja au mbili, halafu hunywea na kuiachia nati icheze. Yeye mtu wa miaka yote hiyo, asiyeacha nati ya mtu bila kuijaribu mara mbili, alikuwa amezilegeza kwa mkono wake mwenyewe.

"Ni nini?" mwalimu aliuliza.

Jibu lilikuwa kiganjani, jeusi. Bi Spana akajipangusa kwenye gauni.

"Nati zimelegea kidogo, mwalimu. Barabara zetu hizi unazijua."

Uongo ulimtoka kwa wepesi uliomtisha. Alitoa pete zote kumi na sita, akaweka nati mpya, akakaza chuma kwa chuma na kuziacha kofia kwenye kiti cha nyuma. Alikataa malipo. Mwalimu alimshukuru sana, akamwita mama mara tatu, na kila mara shukrani ile ilimchoma. Gari lilipoondoka alibaki amesimama na pete zilizosagika mkononi, akipiga hesabu ambayo hakutaka kuimaliza. Mwalimu huenda shuleni na kurudi nyumbani. Mwendo wake wa siku tatu, kaka yake huumaliza kabla ya chai ya saa nne. Na pete za kaka zilitangulia kwa siku mbili.

Na leo ilikuwa Alhamisi. Kila Alhamisi kaka yake hupeleka abiria mji wa milimani, barabara ya kona juu ya kona, upande mmoja mwamba na upande mwingine hewa.

Alipiga simu. Ilikuwa imezimwa. Kaka yake hakupokea simu akiendesha, hata iwe nini. "Simu na usukani ni wake wenza," alipenda kusema, "hawakai chumba kimoja." Watu walimsifu kwa hilo, hata yeye alimsifu. Akampigia wifi yake.

"Ameondoka saa kumi na mbili," wifi alisema. "Ana abiria wanne. Kuna nini?"

"Hakuna. Nilitaka kumuuliza kitu."

"Wifi, sauti yako si ya hakuna."

"Akipiga, mwambie asimame. Popote alipo, asimame anipigie."

Alikata kabla ya kuulizwa zaidi. Ukutani ilining'inia kalenda ya kituo cha mafuta kilichoko chini ya mlima, ambako kaka yake hujaza kila safari. Alipiga namba iliyoandikwa chini. Ilipokelewa na mhudumu wa pampu, mwanamume wa makamo kwa sauti yake, mchangamfu.

"Teksi nyeupe, kofia za fedha? Imetoka hapa sasa hivi, haina hata dakika ishirini. Gurudumu la mbele lilikuwa linamgongagonga, nikamkazia nati."

"Ulivua kofia?"

"Nivue ya nini, mama? Nimekazia hapohapo juu yake. Zimekaza mpaka spana imelia. Miaka kumi na tisa niko kazini hapa, nati za mtu sichezei."

Bi Spana alifungua kinywa amweleze. Ilitosha kusema neno moja, na pengine mtu yule angeruka kwenye gari la mteja na kumfukuzia kaka yake. Lakini kusema lile neno kulimaanisha kusema ni nani aliyeweka mpira chini ya nati. "Haya, asante," alisema. Baadaye hilo ndilo alilojichukia kwalo kuliko yote.

Alifunga kibanda na kukodi pikipiki.

Dereva wa pikipiki alikuwa msemaji. Aliongea habari za mvua, za shemeji yake mvivu, za bei ya matairi, na Bi Spana nyuma yake hakusikia hata moja. Macho yake yalikuwa barabarani. Kwenye kona ya kwanza aliona kitu kinang'aa kwenye changarawe, akadhani ni nati; kumbe kifuniko cha chupa. Kwenye kona ya tatu aliona nati. Alimsimamisha dereva, akashuka na kuiokota. Ilikuwa ya moto bado, au mkono wake ndio uliokuwa baridi. Mita mia mbili mbele akaona nyingine, na hakusimama tena.

Waliikuta teksi ng'ambo ya kona iliyofuata. Ilikuwa imeinamia pembe moja ya mbele, chuma kikiwa kimechora mfereji mrefu kwenye lami hadi hatua nne kutoka ukingoni. Abiria wanne walikaa kwenye nyasi, hai, mmoja ameshika kikombe cha maji. Bi Spana aliwahesabu, akawahesabu tena. Kisha akamwona kaka yake, shati limelowa jasho, simu mkononi.

"Nani amekuambia?" kaka aliuliza. Hakungoja jibu. "Nilisikia kelele nikapunguza mwendo, ndiyo pona yetu. Gurudumu limetupita, limeruka ukingo, limeshuka huko chini kwenye nyumba za watu. Ni yule mtu wa mafuta. Anakaza nati kama anafunga mfuko wa sukari. Nimeshampigia bosi wake, na hawa wote wameongea naye. Amesema anamfukuza leo hii."

"Afungwe kabisa," alisema abiria mwenye kikombe.

Bi Spana alimshika kaka yake mkono, akamvuta nyuma ya gari, na huko akamwambia yote: pete, mpira, mwalimu, uongo wa asubuhi. Alisema kwa sauti ndogo, akitazama viatu vyake. Kaka yake alichungulia kama abiria wanawasikia.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Basi iishie hapa." Aliteremsha sauti zaidi. "Sikiliza. Kibanda kile ndicho kinachokulisha. Hii ikijulikana, hakuna atakayekuletea hata baiskeli. Yule mtu hatumjui, atapata kazi kwingine. Damu ni nzito kuliko maji, mdogo wangu. Nyamaza."

Alisema kwa upendo, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Kaka huyu ndiye aliyemzika mume wake, ndiye aliyelipa karo ya kitinda mimba. Bi Spana alitikisa kichwa polepole, na hakujua mwenyewe kama alikuwa anakubali au anakataa.

Wakati huohuo sauti zilipanda kutoka chini ya ukingo. Mwanamume alitokeza akisukuma gurudumu mbele yake, kofia ya fedha ingali imening'inia kwenye boliti moja iliyokatika pamoja na nati yake. Nyuma yake alifuata mwanamke kijana, mtoto mgongoni, mikono imelowa povu hadi viwikoni. Alibeba beseni la bati. Lilikuwa limebonyea katikati hadi kitako chake kugusana na mdomo wake, na nguo za kitoto zilibanwa humo kama ulimi kati ya meno.

"Gurudumu la nani?" mwanamume aliuliza.

"Langu," kaka alisema. "Poleni sana, ndugu zangu. Tumshukuru Mungu. Ni mtu wa kituo cha mafuta huko chini, yeye ndiye aliyekaza vibaya, na ameshachukuliwa hatua."

Mwanamke hakuwa anamsikiliza. Aliwatazama wote mmoja mmoja, abiria, dereva wa pikipiki, kaka, hadi akamfikia Bi Spana na mikono yake myeusi.

"Nani alilifunga hili?" aliuliza.

Kaka akafungua kinywa.

"Mimi," alisema Bi Spana. "Si mtu wa mafuta. Nilitia mpira mahali pasipotakiwa mpira. Nilidhani nalinda rimu."

Abiria mwenye kikombe alisimama. Kaka yake aligeuka akatazama bonde. Mwanamke kijana alibaki amemkazia macho, na hakuonyesha hasira, bora angeionyesha.

"Nilikuwa nafua," alisema. "Mtoto nilikuwa nimemkalisha kando yangu. Nikamchukua, nikaenda ndani kufuata sabuni." Alilitazama beseni. "Sabuni tu."

Alilitua beseni chini, miguuni pa Bi Spana, akaanza kushuka alikotoka. Mtoto mgongoni alikuwa amelala.

Bi Spana alinyoosha mkono. Kaka yake alimpa simu bila kumtazama, na namba ya bosi wa kituo ilikuwa ya mwisho kupigwa. Alieleza kila kitu mbele ya watu wote, taratibu, bila kuruka. Upande wa pili bosi alisikiliza, kisha akavuta pumzi.

"Umechelewa, mama. Ameshavua sare na kuondoka. Simu yenyewe aliyokuwa anatumia ni ya kituo, yake hana."

"Alielekea wapi?" aliuliza Bi Spana.

"Sikumuuliza," bosi alisema.