Togwa ya Wageni

Mwalimu Optatus hapendi kuambiwa ana wivu. Ukimwambia ana hasira, atakubali. Ukimwambia ni bahili, atacheka. Lakini wivu, hapana. Huo anasema ni ugonjwa wa watu wasio na kazi, na yeye kazi anayo, tena ya heshima. Anafundisha somo la bakteria na viumbe wengine wasioonekana kwa macho, kwa wanafunzi wa shahada wa mwaka wa kwanza, katika chuo kimoja pale Mitwero, pembeni ya mji wa Lindi. Basi tuseme hivi: tangu Hamida Likwata aajiriwe katika idara yake, mwalimu huyu hajaugua ugonjwa mwingine wowote ila huo wa watu wasio na kazi.

Tumtendee haki kwanza. Ni mtoto wa wakulima wa milimani, huko ndani Kilwa, na enzi zake za kusoma, hadubini ilikuwa kitu cha kufungiwa kabatini na kuonyeshwa wageni. Bakteria alifundishwa kwa maneno matupu. Kwa kuwa hakuwaona, alijifunza kuwachora, na kwa kuchora hana mpinzani. Huingia darasani na chaki za rangi, akageuka ubaoni, na ukigutuka ubao mzima umejaa: wa duara, wa fimbo, wenye mikia, kila mmoja na kivuli chake. Wanafunzi hupiga picha kwa simu. Kisha anasoma maelezo, wao wanaandika, wanakariri, wanafaulu, na likizo ikifika wamesahau vyote. Hilo la kusahau yeye hakulitia maanani. Walimpa jina la Sir Chaki, naye alilijua, na alilipenda.

Hamida alikuja na mambo yake. Wiki ya kwanza tu aliwaambia wanafunzi wa mkondo wake waje na chochote kilichochacha nyumbani: uji uliolala, maziwa, maji ya muhogo uliolowekwa, togwa, ule uji mwepesi uliotiwa kimea. Watu wakabeba. Maabara ikanuka mpaka barazani. Aliwakalisha vikundi vikundi kwenye hadubini, na wakimuuliza hiki nini, hajibu. Anawauliza wao, "Mnadhani ni nini? Na tutajuaje?" Hapo ndipo zogo linapoanza. Wanabishana, wanacheka, wanapanga kupima hiki na kile, na kengele ikilia hawatoki.

Kicheko kile kilikuwa kinapita ukutani na kumkuta Optatus ubaoni, chaki mkononi, darasa lake limenyamaza kimya. Kilimuuma. Nasema kilimuuma kwelikweli, kuliko alivyopata kuumizwa na kitu chochote kazini. Siku moja alitoka nje akijifanya anatafuta mtandao wa simu, akasogea mpaka dirisha la maabara, akachungulia. Aliyemwona kwenye hadubini ya mbele, ameinama mdomo wazi, alikuwa Saad. Huyo Saad ni wa mkondo wake yeye, na darasani kwake husinzia mpaka kalamu inamdondoka. Kumbe kusinzia ni kwa Optatus tu. Kwa Hamida anakuja hata asipoitwa!

Mambo yakafika kwa mkuu wa idara, Daktari Debora, mwanamke asiyependa maneno mengi. Aliwaita wote wawili akawaambia kwamba mwakani mikondo miwili itaunganishwa, na mwaka wa kwanza utakuwa na mwalimu mmoja. Kila mmoja atafundisha kipindi kimoja cha maabara, yeye akiwa amekaa nyuma anatazama, kisha ataamua. Hamida akafundisha wa kwanza. Hatuna haja ya kusimulia. Inatosha kwamba Daktari Debora mwenyewe alionekana ameacha kiti chake na kupanga foleni ya hadubini.

Optatus akaona mwaka wa kwanza unamponyoka. Na bila mwaka wa kwanza angebaki nani? Mzee wa kusimamia mitihani. Lakini wivu nao una akili zake. Akajiambia, ikiwa mambo yenyewe ni togwa, nani katika pwani hii atatufundisha togwa sisi watu wa milimani? Akampigia simu dada yake Apolonia, aliyeolewa Tingi, ambaye togwa yake hutafutwa na watu wenye harusi, Waislamu kwa Wakristo.

"Dada, shikamoo. Nataka unitengenezee togwa, dumu moja. Ni ya wanafunzi wangu."

"Marahaba. Wanafunzi wa chuo kikuu hao?"

"Hao hao. Na mkuu wa idara atakuwepo."

"Na bosi wako! Basi mdogo wangu, usiwe na wasiwasi. Hutaaibika."

Dumu lilikuja na basi siku yenyewe ya kipindi, mdomo umefungwa kwa kipande cha kanga. Optatus alilipokea kituoni, akaliingiza ofisini na kulisukuma chini ya meza yake. Kulifungua hakulifungua. Ofisi ile wanakaa wawili, yeye na Hamida, na asingekubali hata kidogo Hamida anuse kwamba Sir Chaki naye sasa anafundisha kwa togwa.

"Shikamoo, Mwalimu," Hamida alisema. "Leo zamu yako. Ukihitaji kitu, niko hapa."

"Marahaba. Sihitaji kitu."

Maabarani alianza vizuri. Alisema kwa sauti yake nene kwamba katika tone moja la togwa mna umati wa viumbe kuliko watu wa mji mzima, na kwamba leo hatawachora, watawaona wenyewe. Wanafunzi wakatazamana, wakafurahi. Tone likawekwa kwenye kioo, rangi ikapakwa, vichwa vikainama. Nyuma, Daktari Debora alikunja mikono akasubiri.

Vichwa vikainuka, vikainama tena.

"Sir," alisema Saad, "mimi naona kama mawe mawe."

"Zungusha hicho kirungu cha pembeni, taratibu."

"Nimezungusha, sir. Bado ni mawe."

Optatus akainama mwenyewe. Aliona chembe za wanga, nyeupe, zimetulia tuli. Akahamia hadubini ya pili, na ya tatu. Wanga mtupu. Kiumbe hata mmoja hakujitokeza kumsitiri. Akalifungua tena dumu, akainusa togwa, na hapo ndipo moyo ulipomshuka: ilinukia tamu, laini, haina ukali hata chembe. Kwa pua ile ile angeyajua hayo saa nzima iliyopita, kama asingekuwa anamficha Hamida.

Mkono ukaenda wenyewe kwenye chaki. Angechora. Angewajazia ubao, wa duara na wa fimbo, aseme hadubini za chuo ni mbovu, afe na tai shingoni. Aliishika chaki ya bluu, akageuka, na akakutana na uso wa Saad. Kijana hakuwa anasinzia. Alikuwa anamtazama kama mtu anayesubiri kuambiwa kitu.

"Sijaona bakteria," alisema Optatus. "Na ninyi hamkuwaona. Nami sijui ni kwa nini. Nani anajua?"

Swali likawashtua, kwa sababu mwalimu yule alikuwa hajawahi kuwauliza kitu asichokijua. Mwishowe msichana mmoja wa kijiji cha Kinjumbi, Grace, akanyoosha mkono.

"Sir, samahani. Uliyemwagiza alijua ni ya nani?"

"Alijua ni yenu. Na ya Daktari."

"Basi hii ni togwa ya wageni," alisema Grace, na wenzake wa vijijini wakaanza kuguna kwa kukubali. "Kwetu mgeni wa heshima hapewi iliyochacha. Anapewa ya siku hiyo hiyo, tamu. Na kama inasafiri, ikishaiva kwa kimea inachemshwa tena, ili imfikie ikiwa bado tamu."

"Ikichemshwa tena wanakufa!" alidakia Saad.

"Unajuaje walikuwepo?" Optatus aliuliza, na hakujua swali lile limetoka wapi.

Wakaanza kubishana. Mmoja akasema bakteria waliingia na kimea wakafia sufuriani, mwingine akasema walikuwa bado wachache tu. Grace akasema waiache mezani mpaka kesho waone. Saad akataka kitu cha kulinganisha sasa hivi: togwa iliyochacha. Na hapo wote wakageukia mlango, maana kila mtu aliyekuwa mle ndani alijua iliyochacha iko wapi.

Kutoka maabara mpaka ofisini ni hatua chache tu, lakini Optatus alizivuta. Hamida aliinua macho.

"Naomba chupa yako ya togwa," alisema Optatus. "Ile ya maabara."

Angemcheka, ingekuwa nafuu; angepata sababu ya kumchukia kwa amani. Hamida hakucheka wala kuuliza. Alifungua kabati, akampa chupa, akasema, "Itikise kwanza, Mwalimu, wanakaa chini."

Wakaitikisa. Kwenye kioo kimoja mawe yaliyolala, kwenye cha pili fimbo nyembamba zimejazana bila nafasi. Saad alipiga ukelele. Zogo likawa kubwa mpaka mlinzi akaja kuchungulia, na Optatus katikati yake, koti lina madoa ya rangi, anauliza, anauliza tena, anacheka. Kengele ililia, hakuna aliyetoka.

Daktari Debora alimsubiri mlangoni. "Hamida alijua atakachokionyesha," alisema. "Wewe hukujua, na ukaendelea. Mwaka wa kwanza ni wako. Ila maabara utamwita mwenzako mfundishe pamoja."

Ni wako! Optatus alitembea barazani kifua mbele, dumu mkono mmoja, chupa mkono wa pili, furaha imemjaa mpaka masikioni. Saad akamkimbilia.

"Sir! Leo umeua, sir. Yaani umefundisha kama Madam Hamida kabisa!"

Kijana alikuwa anampa sifa kubwa kuliko zote alizonazo. Optatus akasema ahsante, na furaha yote ikamwishia palepale.

Ofisini aliirudisha chupa. Hamida aliuliza kipindi kimekwendaje, naye akasema kimekwenda kawaida, ingawa katika chuo kizima hapakuwa na mtu mwingine zaidi ya Hamida ambaye angeelewa jinsi kilivyokwenda, na alitamani sana kumsimulia. Hamida akachukua chupa ya chai kwenye mkoba wake, akamimina kikombe, akamsogezea kwa mikono miwili.

"Togwa hii si ya maabara, ni ya kunywa. Mama kaileta jana. Imechacha vizuri."

Optatus akanywa. Ilikuwa nzuri kuliko ya Apolonia, na hilo nalo likamuuma.