Upande wa Pili wa Kaseti

Baba aliving'oa kwa kisu vile vijino viwili vya mgongoni mwa kaseti, ili mtu yeyote asirekodi juu yake. Ndani yake mlikuwa na tamasha la jazi ambalo bendi yao ilipiga katika ukumbi wa mji, hapa Kakamega, kabla sijazaliwa. Aliifungia sandukuni, akisema utepe huchakaa ukipigwa-pigwa. Mimi niliitoa kwa siri kila alipokwenda zamu kiwandani. Upande wa pili ulikuwa wa tarumbeta yake tupu, na niliupenda kuliko kitu chochote mle nyumbani.

Ndio huo nilioufuta.

Ilikuwa siku ya kumzika nyanya. Shangazi alikuwa amelazwa hospitalini Butere, na kwetu anayekosa mazishi hurekodiwa hotuba zote, asije akasema alitengwa. Kazi hiyo nilipewa mimi. Lakini kwetu pia hakuna anayenyimwa kipaza sauti. Walizungumza wakwe, walimu, wanasiasa wawili, na kaseti zangu zikaisha kabla ya ndugu zake nyanya kutoka Kabras kusimama. Nikakimbia ndani, nikaitoa kaseti ya Baba sandukuni, nikatafuna karatasi, nikaziba yale matundu mawili ya vijino, nikabonyeza kitufe cha kurekodi. Sikufikiri hata kidogo. Shangazi alisikiliza, akalia, akaridhika, nami nikairudisha kaseti sandukuni na kunyamaza miaka yote hii.

Mwaka jana alikuja mtu anayetoa upya muziki wa zamani kwenye santuri. Kaseti nyingine za tamasha lile zilikuwa zimepotea, ikabaki yetu tu. Baba, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, alimkabidhi kwa mikono miwili. Baada ya wiki mbili yule mtu akanipigia simu: upande wa pili kuna mzee analalamikia mpaka wa shamba. Nikamsihi asimwambie baba.

Santuri ilifika mwezi uliopita, na picha ya bendi kwenye jalada. Tuliiweka kwenye gramafoni mchana, baba amevaa koti lake la kanisani. Nyimbo zikapita, akageuza mwenyewe upande wa pili, zikapita na hizo. Sindano ilipofika mwisho, aliendelea kungoja.

"Wamenikata," alisema.

"Pengine nafasi haikutosha, Baba."

"Hapana. Hao watu wanajuanga kazi yao. Pengine siku hiyo nilipiga vibaya, na miaka hii yote nimejisifu bure."

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Tulikuwa wawili tu sebuleni. Lakini nikaona afadhali kumsifu.

"Ulipiga vizuri sana."

Akanigeukia. "Umejulia wapi, na ulikuwa hujazaliwa?"

"Watu walisemanga."

"Watu gani?" aliuliza, na macho yake yalitaka kweli kusikia. "Nitajie hata mmoja."

Niliyemjua ni mmoja tu, yule aliyekuwa akiitoa kaseti sandukuni kwa siri, na nilishindwa kumtaja.