Wakili wa Kwetu

Baba alipofariki, nyumba yetu ya Kaloleni ilibaki na jina lake kwenye vitabu vya kanjo, halmashauri ya jiji, na baba mdogo akaanza kuidai. Alisema mjane hana haki na nyumba ya kanjo, arudi mashambani na watoto wake. Shamba lenyewe alikuwa ameshalilima yeye. Kwa hiyo tulihitaji wakili.

Miaka hiyo ya sabini mawakili walijaa mjini, vibao vyao vimepangana kila ngazi. Lakini sisi hatukutafuta wakili hivi hivi. Tulitafuta mtu wa kwetu. Hata fundi wa viatu tulimtaka wa kwetu, sembuse mtu wa kumfunulia siri za nyumba! Jirani yetu muuza samaki, ambaye hakuwa wa kwetu, alimwambia mama vivyo hivyo: "We enda kwa mtu wenu. Hawa wengine watakukula tu."

Mtu wetu alikuwa mmoja. Kijiji kizima kilikuwa kimemfanyia harambee aende kusomea sheria, na baba alitoa mbuzi. Jiji kubwa namna hiyo, kwetu sisi lilikuwa na wakili mmoja tu.

Tulikwenda mama na mimi, binti yake mkubwa, na kuku ndani ya kikapu, maana kwa mtu wenu huendi mikono mitupu. Wakili alitupokea kwa lugha ya kwetu. Akauliza habari za mvua, za wazee, za daraja lililobomoka. Mama alicheka. Tangu mazishi sikuwa nimemsikia akicheka. Kisha akaanza kueleza shida yake, na wakili akainua mkono.

"Mama, usiendelee. Shemeji yako alikutangulia. Nimeshika kesi yake, siwezi kukusikiliza."

"Kwani sisi si wako?"

"Nyote ni wangu, mama. Hiyo ndiyo shida."

Alitaka kutuelekeza kwa mwenzake wa ghorofa ya juu, mtu mwema, alisema. Mama akauliza ni wa wapi. Alipotajiwa, aliaga.

"Mama, twende tu huko juu," nilimsihi kwenye ngazi.

"Nimwambie mgeni kwamba ndugu ya baba yako anatufukuza? Aibu hiyo nitaiweka wapi?"

Nilimkasirikia, na hasira hiyo ninayo bado. Kuku tulimwacha kule, kwa sababu zawadi hairudi nyumbani. Heri tungemla.

Siku ya kikao katika ofisi ya kanjo, wakili alikaa na baba mdogo upande mmoja wa meza, sisi upande wa pili. Mama alimsalimu, akamuulizia mama yake mzazi. Naye akajibu vizuri, akauliza kama watoto wanasoma. Kisha akasimama mbele ya afisa wa nyumba, akaanza kusema Kiingereza, kirefu, bila kukwama popote. Mama hakujua neno hata moja. Alinisogelea.

"Anasema nini?"

"Anasema tutoke kwa nyumba."

Aliendelea kumtazama kijana yule mpaka alipokaa chini.

"Anaongea vizuri," mama akasema. "Mbuzi wa baba yako hakuenda bure."