Shikamoo Niliyoidai Kisarawe

Asubuhi ile niliondoka Mlandizi bila mpango wowote, nikaishia Kisarawe. Shomari, mwenye kibanda cha gemu, aliniambia kimebaki chumba kimoja tu cha kupanga, cha Bi Zuhura. "Subiri hapahapa, utamwona. Cheza kwanza."

Shule niliiacha darasa la sita, lakini kitu kipya hakinipiti. Gemu ilikuwa ya vita vya majini, yale mashetani: unajenga ngome, unafuga majoka, na adui naye anajenga wakati huohuo, hakuna kupokezana zamu. Adui wangu alikaa nyuma ya ubao unaotenganisha wachezaji, simwoni. Sharti la pale ni moja: anayeshindwa anamwamkia mshindi.

Huyo adui alikuwa mkali. Alivunja ukuta wangu mara mbili, majini yake yakafika mlangoni. Jasho lililowesha pedi ya kuchezea. Kwa hofu nikaanza kuropoka, "Dogo, rudi nyumbani ukanywe uji." Akazidi kushambulia. Wateja walicheka, nami mjinga nikadhani wananishangilia. Mwishowe joka langu la mwisho likaiunguza ngome yake.

"Haya dogo, shikamoo yangu iko wapi?"

Sauti ikasema taratibu nyuma yangu, "Shikamoo."

"Marahaba," nikajibu, macho bado kwenye kioo. "Kua uyaone."

Shomari akanigusa bega. Nikageuka. Bibi wa miaka kama sabini alikuwa amesimama, ufunguo mkononi.

"Mimi ndiye Zuhura," alisema. "Nimeambiwa babu anatafuta chumba."