Ba ya Mkaa

Jirani yangu wa hapa Katonga, muuza dagaa, ana kichwa kigumu kuliko ukuta anaouandikia. Kila asubuhi akishaanika dagaa wake, anachukua mkaa, anaandika "ba" ukutani, anakikalisha mbele yake kitoto chake cha kike cha mwaka na nusu. "Haya mama, sema ba." Kitoto kinalamba mkaa. Anakifuta mdomo kwa vidole vinavyonuka dagaa, anaanza tena kwa sauti ileile, utadhani anambembeleza mbuzi ashuke kwenye boti. Mimi niliyeacha shule darasa la nne baada ya walimu kuishiwa cha kunifundisha namwambia, "Jirani, huyo hata meno hajamaliza kuota!" Ananisonya.

Jana mvua ikashuka ghafla. Kitoto kikanyoosha kidole ukutani: "Ba."

"Umemsikia, jirani?" muuza dagaa akanigeukia.

"Dagaa wanalowa, wewe! Si ndio mtaji wako wote huo?"

Nikawazoa mwenyewe kwa mikono, nikageuka kumwomba turubai. Kumbe ameshalitandaza ukutani, kalishikilia kwa mikono miwili, mvua isije ikaifuta ile "ba." "Rudia, mama," anakiambia, na mimi nimekumbatia dagaa kifuani, nimeloa chapachapa.